"Kwani Nimekufa?" Historia Fupi ya Sura Kwenye Nguo Zetu

Mwaka jana, mwezi wa nane, nilitandaza juu ya meza ya sebuleni kwetu Mpanda vipande 24 vya kitambaa. Kila kipande kilikuwa na picha niliyoipiga kwa simu katika safari tatu nilizofanya na Mama: Karema alikozaliwa, Sitalike kuangalia viboko, na treni ya kwenda Tabora kumwona mdogo wake. Ziwa Tanganyika asubuhi. Viboko wamejazana kwenye tope la mto Katuma kama magunia yaliyoshushwa vibaya. Behewa la daraja la tatu. Na Mama mwenyewe, mara tisa, kwa nguo tofauti na mikao tofauti.

Nilikuwa nimepanga kuviunganisha viwe blanketi. Kamusi zina neno mfarishi, ila sijawahi kumsikia mtu wa Mpanda akilitumia. Fundi wangu anasema tu "blanketi la viraka", na mimi nitasema hivyo hivyo.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akakivuta kipande kimoja, akakisogeza dirishani. Kilikuwa na sura yake, amekaa kwenye ngazi za kanisa la Karema, anacheka. Akakitazama kwa muda.

"Kwani nimekufa?" akaniuliza.

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akakunja kile kipande, sura ikaingia ndani, akakirudisha mezani na kuendelea na mchele wake.

Siku ile nilikasirika kidogo, sitaficha. Pesa ilikuwa imetumika na muda umepotea. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na swali likishaulizwa huwa linanisumbua mpaka nilitafutie asili yake. Kwa nini mwanamke wa Mpanda, mwenye akili timamu, anaona sura yake kwenye kitambaa na wazo la kwanza linalomjia ni kaburi? Nani hasa, katika historia yetu, amewahi kuwekwa kwenye nguo? Na kabla ya sura, nguo zetu zilikuwa zinatunza kumbukumbu kwa njia gani?

Tuanze mbali kidogo.

Watu wengi wanadhani kwamba huku magharibi tulivaa ngozi na magome ya miti mpaka wafanyabiashara wa pwani walipotuletea nguo. Si kweli kabisa. Ufipa na bonde la Rukwa, yaani jirani zetu wa kusini na sehemu ya Katavi yenyewe, kulikuwa na watu waliolima pamba, wakaisokota na kuifuma. Ilikuwa nguo nzito, inayochukua siku nyingi kumalizika, na ilidumu. Kilichoiua ni nguo nyepesi na rahisi iliyotoka mbali.

Nguo hiyo ilitoka mbali hasa. Mwaka 1833 Sultani Said wa Zanzibar aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani, na baada ya hapo meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta pamba isiyopaushwa iliyofumwa kwenye viwanda vya kule kaskazini mwa nchi yao. Waswahili wakaiita merikani. Ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kutoka pwani hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Pamoja nayo ilikuja kaniki, nguo nyeusi ya buluu kutoka India. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokatiza pamba, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi, lakini jina likabaki. Mpaka leo ukienda dukani Mpanda ukaomba kitambaa cha marekani, muuzaji hakuulizi maana yake. Anakukatia.

Kwenye njia ile nguo ilikuwa pesa. Ilipimwa kwa shuka na doti, doti moja ikiwa shuka mbili, takriban yadi nne. Mtawala uliyepita kwake ulimlipa hongo kwa doti. Chakula ulinunua kwa doti. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alizunguka kusini kukwepa vita vya Mirambo, akapita Ukonongo. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ya Wakonongo leo ndiyo wilaya ya Mlele, hapa hapa Katavi. Alipita akiwa na mizigo ya nguo na shanga, kwa sababu ndiyo ilikuwa pochi yake. Mama anapoingia dukani leo na kusema "nipe doti moja", akimaanisha khanga mbili za pamoja, anatamka neno lililokuwa noti ya benki kwenye njia za misafara.

Ni vizuri pia kusema bila kupindisha kwamba doti zilinunua watu. Katika safari yetu ya Karema hilo halikukwepeka. Karema ilianza mwaka 1879 kama kituo cha Wabelgiji waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold II, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers. Mwaka 1889 alifika hapo kijana aitwaye Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na mapadri kule Algeria, akasomeshwa uganga wa kisasa Malta. Aliwatibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Mama alikuwa na miaka mitano. Anasema anachokumbuka ni watu wazima wakilia barabarani, na yeye akishangaa kwamba kumbe wakubwa nao wanalia.

Nilimpiga picha tisa Karema. Hii ya ngazini ilikuwa dakika chache baada ya kunisimulia hilo. Sasa rudi kwenye swali lake: "Kwani nimekufa?" Labda unaanza kuona kwamba halikutoka hewani.

Historia ya khanga ina kitu ambacho kwa mtu anayeshona blanketi la viraka ni kama salamu kutoka kwa bibi. Kabla ya kuitwa khanga, na mpaka leo kwa watu wa Mombasa, iliitwa leso. Neno hilo ni la Kireno, lenye maana ya kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba karne ya 19, vitambaa hivyo vilikuwa vinauzwa vikiwa havijakatwa, vimefuatana kwenye mtumba mmoja. Wanawake wa pwani, badala ya kukata kimoja kimoja, walinunua sita, wakavikata vitatu kwa vitatu, wakaviunganisha kwa mshono katikati. Ikawa nguo moja pana, yenye michoro ambayo hakuna mwenzako anayo. Kwa maneno mengine, vazi letu maarufu kuliko yote lilianza kama kazi ya viraka. Wenye maduka na viwanda walikuja nyuma yao, wakachapa kwa kipande kimoja kile ambacho wanawake walikuwa wameshakibuni kwa sindano.

Baadaye ikapata umbo tunalolijua: pindo kuzunguka, mji katikati, na jina chini. Jina, yaani yale maneno, linahusishwa sana na mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara mwaka 1887 na khanga zake zikajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Mwanzoni maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Zilichapwa Uholanzi, Uingereza, Japani na India, kisha viwandani kwetu.

Huku Mpanda zilizidi kuja na treni. Uvumbuzi wa madini ya risasi ndio uliotuletea reli: tawi la kutoka Kaliua, kilomita 210, lililofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na mji ukabaki nayo. Mama alihamia Mpanda kutoka Karema akiwa msichana, na khanga yake ya kwanza alinunuliwa na kaka yake aliyekuwa kibarua wa reli.

Ukizitazama khanga hizo za zamani utaona kitu: hazina watu. Zina korosho, maua, majani, nanasi, ndege, vidoto. Binadamu ni nadra. Khanga ilisema juu ya watu bila kuwaonyesha. Mwanamke aliyevaa khanga yenye maneno makali kupita mbele ya nyumba ya mke mwenza hakuhitaji picha yake wala ya mwenzake. Kila mtu alijua nani anasema na nani anaambiwa.

Basi sura ziliingia lini?

Ziliingia na siasa, na sababu yake kubwa ni ya kiwandani. Kuchapa nguo kwa njia ya zamani kunahitaji roli au fremu ya kuchapia kwa kila rangi. Mchoro wenye rangi nne unahitaji nne. Kuziandaa ni gharama, na gharama hiyo haipungui hata ukitaka mita mbili tu. Ndiyo maana kiwanda hakiwezi kukuchapia kitambaa cha shangazi yako peke yake. Lazima uagize maelfu ya mita, na anayeagiza maelfu ya mita ni serikali, chama, kanisa au mfanyabiashara mwenye uhakika wa wateja.

Kwa hiyo gharama ya roli ndiyo iliyoamua sura ya nani iingie kwenye nguo. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, na vingine kama Mwatex cha Mwanza, vilitupa uwezo wa kujichapia wenyewe. Tukaanza kuvaa Mwalimu Nyerere. Baada ya CCM kuzaliwa tarehe 5 Februari 1977, tukavaa chama. Papa Yohane Paulo II alipokuja Tanzania Septemba 1990, Mama akanunua kitenge chenye sura yake, na anacho mpaka leo kwenye sanduku la bati, hajawahi kukivaa jikoni hata siku moja. Mwalimu alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, khanga za maombolezo zenye sura yake zilivaliwa nchi nzima. Mwaka 2008, Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani, khanga yenye sura yake ilitoka na kuuzwa kama karanga. Merikani imerudi tena, nilisema moyoni nilipoisoma habari hiyo, ila safari hii kitambaa ni chetu na sura ndiyo ya kwao.

Na uchaguzi, jamani. Nani asiyejua khanga na fulana za uchaguzi? Kuna wakati sheria yenyewe iliruhusu takrima kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipovitengua vifungu hivyo mwaka 2006. Kuna vijiji ambako sura ya mgombea aliyeshindwa ilionekana shambani miaka mitano mingine, mgongoni mwa mtu anayelima mpunga.

Ukijumlisha yote hayo, kwa kizazi cha Mama sura kwenye nguo ni ya aina mbili: mkubwa aliye hai anayetaka kitu kwako, au mkubwa aliyekufa. Mtu wa kawaida hayumo.

Halafu zikaja kompyuta. Mashine ya kuchapa ya kidijitali haina roli. Inachapa kipande kimoja kwa gharama ile ile ya kila kipande kinachofuata. Leo hata hapa Mpanda ukienda steshenari na picha kwenye simu, utaondoka na fulana yenye sura hiyo kabla chai yako haijapoa. Kwa mara ya kwanza katika historia yote hii niliyoisimulia, mtu asiye na cheo anaweza kuwekwa kwenye nguo.

Nasi tukafanya nini na uwezo huo? Tukaupeleka msibani. Ndiyo, zipo fulana za birthday na za send-off. Lakini fulana ambayo kila ukoo hapa unayo kabatini ni ile nyeupe yenye picha ya marehemu kifuani, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa chini yake. Mtu wa kawaida aliruhusiwa kuingia kwenye nguo, lakini mlango aliopewa ni ule wa kaburini. Mama alikuwa sahihi. Yeye alisoma kitambaa kwa sarufi anayoijua, na mimi ndiye niliyekuwa nimekosea sarufi.

Nilitafuta mfano wa mbali nimtulize. Nikamsimulia juu ya blanketi kubwa la viraka la Marekani la kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, wazo la Cleve Jones wa San Francisco la mwaka 1985. Lilipotandazwa Washington kwa mara ya kwanza, Oktoba 1987, lilikuwa na vipande 1,920. Kila kipande kina futi tatu kwa sita, takriban ukubwa wa kaburi, kwa makusudi. Ndugu na marafiki walishona majina, wakaweka mashati ya marehemu, picha, vinyago vya watoto.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi hata wao ni msiba," akasema.

Sikuwa na jibu.

Hapa niseme kidogo juu ya ufundi, kwa sababu wapo wasomaji watakaotaka kujaribu, na pia kwa sababu ufundi wenyewe ulikuja kuamua mengi.

Vile vipande 24 vilikuwa jaribio la pili. La kwanza nilinunua marekani, ile ile ya pamba isiyopaushwa, kwa sababu niliipenda historia yake. Nikaipeleka kwa kijana mmoja wa kuchapa fulana, akaniambia haina shida. Shida ilikuwepo. Mashine yake inatumia wino wa sublimesheni: picha inachapwa kwanza kwenye karatasi, kisha karatasi inakandamizwa juu ya kitambaa kwa joto la karibu nyuzi 200. Kwa joto hilo wino unageuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi. Lakini unaingia kwenye nyuzi za polista tu. Pamba haiupokei. Picha zangu zilitoka zimefifia kama zimepigwa kwenye ukungu, na nilipofua kipande kimoja kwa majaribio, Ziwa Tanganyika likaisha kwenye beseni.

Kwa pamba kuna njia nyingine, ya filamu inayogandishwa juu kwa pasi. Ile ndiyo ya fulana nyingi. Kwa blanketi haifai: ni nzito, haipitishi hewa, na baada ya muda inapasuka kwenye mikunjo. Hebu fikiria ujifunike plastiki usiku wa Oktoba Mpanda. Kwa hiyo nikahamia polista nyeupe, na rangi zikatoka safi, zisizotoka hata kwa maji moto.

Jambo la pili ni ukubwa wa picha. Kwa kipande cha sentimita 25, picha ya kutoka kwenye simu ya kawaida ya megapikseli 12 inatosha na kubaki. Lakini ile ambayo imetumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imepunguzwa, upande mrefu unabaki na pikseli kama 1,600 hivi. Ukiichapa kwa ukubwa huo inaanza kupoteza makali. Simu yangu ya safari ya Karema iliibiwa miezi mitatu baadaye, na picha zilizonusurika ni zile nilizokuwa nimemtumia mdogo wangu. Ndiyo maana Karema yangu yote ina ukungu kidogo. Ndiyo maana pia nilitaka kitambaa. Sikuamini tena kitu kinachoweza kuondoka kwenye mfuko wa suruali stendi.

Kwa hiyo nilikuwa na picha zisizofutika kwenye kitambaa ambacho Mama hawezi kukivumilia mwilini, kwa sababu polista inamtoa jasho, na juu yake sura ambayo hataki kuiona. Nikaviacha vipande kwenye mfuko mwezi mzima.

Aliyefungua mlango ni Mama mwenyewe. Jioni moja akatoa sanduku la bati, akaniita. Ndani mlikuwa na kitenge cha Papa, sare za WAWATA za miaka tofauti, na khanga chakavu zaidi ya kumi. Akaanza kuzitoa moja moja. Hii alipewa nilipozaliwa. Hii alijifunga siku aliyokwenda kunitoa bweni nikiwa na malaria. Hii kaka yake wa reli alimletea kutoka Tabora, na ndiyo aliyoivaa kwenye maziko ya kaka huyo huyo. Hakuna hata moja iliyokuwa na sura, na kila moja alikuwa na mtu ndani yake.

Chini kabisa kulikuwa na kipande cha kaniki, kikubwa kama taulo dogo, kimeshapoteza weusi wake.

"Hii ni ya bibi yako," akasema.

Bibi alifariki Karema kabla sijazaliwa. Hana picha hata moja. Hakuwahi kuingia studio, hakuwahi kupigwa picha ya kitambulisho. Nimeuliza ukoo mzima. Mimi nimekua nikijua kwamba bibi hana sura. Kumbe muda wote alikuwepo, kwenye sanduku chini ya kitanda, umbali wa hatua nne kutoka nilipokuwa nalala.

Nikamuuliza Mama mbona hakuwahi kunionyesha.

"Hukuuliza nguo," akasema. "Uliuliza picha."

Tulikaa siku ya pili tukapanga upya. Mama akatoa masharti yake, nami nikaandika kama katibu wa kikao. Moja, hakuna sura ya mtu, ya aliye hai wala aliyekufa. Mbili, upande unaogusa mwili uwe pamba. Tatu, kaniki isikatwe.

Zile picha tisa zake zikaondoka, na nyingine tatu zenye watu. Zikabaki 12: ziwa, mitumbwi, ngazi za kanisa zikiwa tupu, viboko, behewa, muembe wa nyumbani kwao, barabara ya vumbi yenye mbuyu. Vipande vya khanga vikawa 28, vingi vikiwa vimekatwa sehemu ya jina ili maneno yabaki yanasomeka. Katikati, pale ambapo kwenye khanga ungesema mjini, tukaacha nafasi ya kaniki nzima. Nafasi ya vipande nane. Jumla mistari minane ya vipande sita, mita moja na nusu kwa mita mbili. Nilikata kila kipande sentimita 27 ili kila upande ubaki na sentimita moja ya mshono. Fundi wa sokoni aliunganisha kwa cherehani yake ya kukanyaga. Alilalamika kidogo kwamba polista inateleza na khanga kuukuu inavutika, vikishonwa pamoja kimoja kinakimbia. Akavibana kwa pini, akaenda polepole. Nyuma tukaweka khanga mbili nzima, doti kamili, kama bitana. Hatukujaza pamba katikati. Huku kwetu joto linatosha.

Likaisha mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikianza. Mama analitumia. Mchana linakaa limekunjwa kwenye kochi, picha zikiwa ndani na khanga nje. Wageni wakiuliza, anaonyesha kaniki kwanza. Halafu anawaonyesha ngazi za kanisa, anasema, "Hapa nilikaa." Nimegundua kwamba wageni wanaziangalia ngazi zile tupu kwa muda mrefu kuliko wangeangalia picha yake amekaa. Wanamtazama yeye, wanatazama ngazi, wanamweka wenyewe.

Sitaki kudai kwamba nimepata sheria hapa. Wengine wataweka sura za watu wao walio hai kwenye mito, mapazia na blanketi, na watoto wetu wataona ni kawaida. Maana za nguo hubadilika. Kaniki ya bibi ilikuwa vazi la kila siku la watu wasio na uwezo, leo ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani kwetu. Inawezekana miaka 20 ijayo hakuna atakayeuliza swali la Mama.

Lakini yeye aliliuliza, na kuna siku jibu lake litabadilika. Analijua hilo kuliko mimi. Wiki mbili baada ya blanketi kukamilika aliniomba ule mfuko wa vipande vilivyobaki. Akavitandaza kitandani kwake, sura zake tisa, akavaa miwani. Akavipitia taratibu kama anavyochambua mchele. Akatoa kimoja, kile cha ngazini, anacheka.

"Hiki tunza," akasema. "Siku yenyewe ikifika, mtaweka hiki. Msije mkaweka ile ya kitambulisho, nimenuna."

Nikakikunja, sura ikaingia ndani. Nikakiweka kwenye sanduku la bati, chini kabisa, pale ilipokuwa kaniki.